Mndimu wa Mama Shani

Hakuna aliyeambiwa alete ndimu. Tulipoitwa kwenye arobaini ya Mama Shani, nyumbani kwake Nyegezi, tulitajiwa saa ya kisomo na kuombwa tusichelewe, basi. Lakini nilipoingia uani na mfuko wangu mkononi, nilikuta mifuko mingine imekwisha kunitangulia kwenye kibaraza cha jikoni: kikapu kutoka Ukerewe, kiroba cha jirani yangu wa Kisesa, na mingine ambayo sikujua imetoka wapi. Yote ndimu. Shani, binti wa marehemu, ambaye sasa naye ni bibi, alisimama mbele ya mifuko ile ameshika kiuno, hajui acheke au alie. "Dada Kabula," akaniuliza, "nyinyi mmepatana?" Nikamwambia hatukupatana. Nikakaa kwenye benchi la karibu na mlango wa jikoni, mahali pangu pa zamani, na kabla sijavua viatu mwaka ule wote ulikuwa umenirudia, kuanzia na harufu ya samaki.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwanafunzi wa chuo cha kilimo, mpangaji wa chumba cha uani katika nyumba hii hii. Nilikotoka na nani alinilea ni habari nyingine; hapa itoshe kujua kwamba nilikuwa Msukuma wa Magu, mbishi, na nilikuwa na hakika kwamba kila kinachoota ardhini nakifahamu. Chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, meza moja iliyopungukiwa mguu, na dirisha kubwa kupita kiasi, kwa sababu zamani kilikuwa duka. Dirisha lile lilitazama jiko la Mama Shani, na kwa hiyo nilijua habari za mtaa mzima bila kutoka kitandani. Mama Shani alikuwa mjane, na aliendesha mgahawa pale uani: meza nne chini ya turubai, sato wa kuchemsha au wa kukaanga, ugali wa muhogo, dagaa siku za shida. Kila sahani ilitoka na nusu ya ndimu. Ndimu yenyewe ndiyo iliyowaleta watu kutoka mjini, wakaacha migahawa iliyo karibu nao. Ilikuwa na ganda jembamba na maji mengi, na haikuwa na mbegu hata moja. Ukiikamua juu ya samaki hukuwa na haja ya kuchokonoa chochote kwa kidole. Zilitoka kwenye mti mmoja tu, uliosimama kati ya jiko na ziwa, ambao marehemu mumewe aliukuta pale aliponunua kiwanja. Hakuna aliyejua nani aliupanda wala aliutoa wapi, na mwingine wa namna ile hatukuwahi kuuona.

Huo ndio mwaka ziwa lilipopanda. Mvua zilinyesha hadi watu wakaacha kuzizungumzia. Maji yakaja polepole, bila kishindo; leo yamefika kwenye jiwe la kufulia, kesho jiwe halionekani. Yalipofika kwenye mndimu yalisimama hapo hapo, yakakaa. Mwanzoni Mama Shani alifurahi kwamba hayakuingia jikoni. Kisha majani ya mndimu yakaanza kuinama vikonyo, kama mtu aliyekata tamaa mabega yakamshuka, yakageuka manjano na kudondoka ndani ya maji. Nilimwomba mwalimu wangu aje aone. Huyu alikuwa Mwalimu Koku, mama wa Kihaya, mfupi, mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyosamehe uvivu. Alivua viatu, akakunja sketi, akaingia kwenye matope, akafukua mzizi mmoja kwa mkono. Ulikuwa mweusi na ulinuka. "Mti unazama, Kabula," alisema. "Mizizi nayo inahitaji hewa. Unajua tunavyovundika ndizi, tukizifunga zisipate hewa ili ziive? Ndizi zinatoa gesi, ethilini, na gesi ikikosa pa kutokea inaziivisha. Huku chini mizizi inatoa gesi hiyo hiyo, maji yameifungia. Mti unaambiwa umezeeka kabla ya wakati wake." Nilimuuliza kama tunaweza kuuokoa. Akaosha mikono ziwani, akasema mti ule hapana.

Jioni hiyo nilikuwa nimelala chali kitandani nikasikia mazungumzo ya jikoni. Mjomba Idi, mdogo wake Mama Shani, alikuwa fundi mitumbwi, mtu wa maneno machache na msumeno mkali. Alikuwa anamwambia dada yake kwamba udongo umelegea, mti umeanza kuinamia jiko, na upepo wa ziwani ukija utaangukia wateja. "Nipe ruhusa niukate, dada." Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. "Idi, mimi nikikata ule mti, nabaki na nini cha kwangu hapa? Sato kila mtu anapika. Ugali kila mtu anasonga." Mjomba Idi akamjibu atanunua ndimu sokoni kama wenzake. "Zenye mbegu?" aliuliza Mama Shani, na sauti yake ilikatika kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamke yule, aliyekuwa na uwezo wa kuwafukuza walevi watatu kwa jicho moja. Nikainuka. Sikufikiri hata kidogo, ndivyo nilivyokuwa. Nikatoa kichwa dirishani nikasema, "Mama, usiukate. Mimi nitauotesha mwingine." Mjomba Idi akageuka akanitazama. "Kwa mbegu gani, binti?"

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wote. Mti usio na mbegu hauachi mtoto. Ukifa umekwisha. Mtu wa kazi yangu atauliza kwa nini hatukuunganisha kitawi chake na mche wa mlimau, kama inavyofanywa kila siku. Jibu ni kwamba kitalu cha chuo kilikuwa bondeni, nacho kilikuwa chini ya maji pamoja na miche yake yote. Iliyobaki ni njia moja: kukata tawi bichi na kulishawishi liote mizizi yake lenyewe. Mama Shani alimwomba kaka mtu — hivyo ndivyo alivyomwita mdogo wake akitaka kumlainisha — asubiri. Mjomba Idi akauzungushia mti kamba, akaifunga kwenye nguzo ya turubai, akasema hiyo ndiyo subira yake. Kamba ikikaza zaidi, anakata.

Nilianza kwa ujuzi wa kwetu. Magu tunalima viazi vitamu, na kila mtoto wa kike anajua kutayarisha marando, yale mashina tunayoyapanda. Unayakata, unayapukuta majani, unayalaza kivulini siku mbili tatu yanyauke kidogo, na ukiyapanda yanashika hata ukiyakanyaga. Basi nikavikata vijiti vya mndimu kutoka matawi ya juu ambako bado kulikuwa na uhai, nikavipukuta jani moja moja, nikavilaza chini ya kitanda changu vinyauke. Magesa, mwanafunzi mwenzangu kutoka Ukerewe ambaye alikula kwa Mama Shani kila siku na kulipa kwa kupasua kuni, aliviona akauliza kama naandaa mashindano ya kuchokoa meno. Nilimfukuza. Nikavipanda kwenye beseni la mchanga kwa madaha yote ya mtu aliyezaliwa shambani. Havikuota. Havikufa kwa haraka pia. Vilikauka polepole, kwa heshima, vikawa vya kuchokolea meno kweli.

Nilikuwa nimekasirika siku Mwalimu Koku alipofundisha somo lile, na labda ndiyo sababu nililisikia vizuri. Alichora mmea ubaoni, kisha akachora mishale, yote ikielekea chini. Akasema mzizi hauamui wenyewe kuota. Huku juu, kwenye ncha na kwenye majani machanga, mmea unatengeneza homoni iitwayo oksini. Oksini inasafiri kutoka seli moja kwenda nyingine, na inashuka tu, haipandi. Ukikata tawi, inashuka hadi kwenye kidonda, inakosa njia, inajikusanya pale. Na ikishajikusanya ya kutosha, seli zilizokuwa shina maisha yao yote zinaanza kugawanyika upya na kuwa mzizi. Nilinyoosha mkono. "Na ukitoa majani yote, mwalimu?" Akanitazama, akaelewa naulizia nini. "Umemtuma mjumbe, halafu umemkata miguu mlangoni," alisema. "Marando ni jambo lingine. Kwenye kila kifundo cha kiazi kuna mizizi midogo imelala tayari, unaiamsha tu. Mndimu hauna kilicholala. Lazima uagize kipya, na agizo linatoka juu." Darasa zima liliendelea kunakili. Mimi niliweka kalamu chini. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini nikiamini kwamba mizizi ni mambo ya chini, na kumbe chini panasubiri neno kutoka kwenye jani. Sikuwahi kusikia kitu kizuri kama kile, na hata leo nikikifundisha nywele za mikono zinanisimama.

Baada ya somo Mwalimu Koku alinipa kikopo kidogo cha unga mweupe, oksini ya viwandani, akaniambia nitumie kidogo sana. Neno "kidogo" kwetu halina maana kwenye dawa. Dawa ikisaidia, nyingi itasaidia zaidi. Ndivyo tulivyokunywa miti shamba wote. Safari hii niliacha majani kwenye vijiti, nikalowesha miguu yao, nikavigaragaza kwenye unga kama dagaa wanaokwenda kwenye mafuta. Vilipandwa mchangani vimevaa soksi nyeupe. Baada ya siku kadhaa nilichomoa kimoja kwa pupa. Mguu ulikuwa umevimba, umekuwa mweusi, na ulikuwa na vijinundu tu, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Vingine hivyo hivyo. Nilivipeleka kwa mwalimu nimevifunga kwenye khanga kama mtu anayepeleka mtoto zahanati. "Kabula," alisema, "homoni siyo mbolea. Ni neno. Ukimnong'oneza mtu atakuja. Ukimpigia kelele sikioni atakimbia, au atabaki kiziwi. Oksini hiyo hiyo inayouita mzizi uzaliwe, ikizidi, inauzuia usirefuke."

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mjomba Idi amekuja na msumeno. Kamba ilikuwa imekaza hadi nguzo ya turubai imepinda. Wateja walikuwa wanakula upande mmoja wa uwanja, wameuacha ule mwingine kama una mgonjwa wa kuambukiza. Mama Shani alikuwa amekaa juu ya kinu kilichogeuzwa, mikono mapajani, na jiko lake nyuma yake lilikuwa limezimika. Sikuwahi kuliona limezimika mchana. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia bila kuinua uso. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia ukweli: nimeshindwa mara mbili, na mara zote mbili najua kwa nini. Mjomba Idi akasema, "Anayejua kwa nini ameshindwa ni sawa na asiyejua, mti bado haupo." Ndipo Mama Shani akainua kichwa. "La, Idi. Mimi ugali wa kwanza nilioupika kwa mume wangu ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa jiwe. Wa tatu ndio unaokula wewe mpaka leo." Akaniambia nipande juu ya mti nikate kila kilicho kibichi, kwa sababu hatutapata nafasi nyingine, na Mjomba Idi akaushika mti kwa mabega yake yote mawili nilipokuwa juu. Chini maji, mkononi kisu, na kila tawi nililogusa lilikuwa la mwisho.

Yaliyofuata watu wa Nyegezi waliyacheka kwa muda mrefu. Mchanga wa ziwani una vijidudu vinavyoozesha, kwa hiyo nilipaswa kuuchoma kwanza, na karai pekee lenye upana lilikuwa la kukaangia samaki. Nikasimama jikoni nakaanga mchanga kwa mwiko huku wateja wakisubiri. Magesa akaingia, akatazama ndani ya karai, akatangaza kwa sauti ya mnadani, "Jamani, leo kuna mboga ya Kisukuma!" Nikamwambia wa Ukerewe hana haki ya kucheka, kwao wanakula muhogo hadi kwenye chai. Kisha nikaomba poda ya mtoto. Shani, aliyekuwa na mtoto mchanga wakati ule, akaniletea kopo lake, nikachanganya poda nyingi na unga wa oksini kidogo tu, wa ncha ya kisu, mpaka nong'ono ikawa nong'ono. Kila kijiti niliachia majani machache juu, nikakata kila jani nusu ili lisipoteze maji lakini libaki na la kusema. Nikagusisha mguu kwenye poda, nikaukung'uta, nikaupanda. Meza yangu iliyopungukiwa mguu ikabeba mabeseni, juu yake nikatandika nailoni kwenye fito, na lile dirisha kubwa likapata kazi yake hatimaye. Chumba kikawa na joto la mvuke, shuka zikaota ukungu, na Mama Shani akanihamishia kwa Shani nikalale na mtoto anayelia. Chumba changu kilikaliwa na vijiti.

Kusubiri mzizi ni kazi kuliko kulima. Huoni kitu. Majani hubaki kijani, lakini hata tawi la chombo cha maua hubaki kijani kwa muda. Mama Shani alikuja dirishani kila alfajiri na kikombe chake cha chai, anatazama, anaondoka. Nje mti mkubwa ulikuwa umebaki kiunzi kitupu kilichofungwa kamba; kwa kupungukiwa matawi kamba ilikuwa imelegea, na Mjomba Idi alikubali usimame kwanza. Siku moja, saa ya chakula cha mchana, uwanja umejaa, niliinua nailoni kunyunyiza maji, nikashika kijiti kimoja kwa vidole viwili nikakivuta kidogo tu, kama unavyomjaribu mtoto kama amelala kweli. Hakikuja. Nikavuta tena. Kikang'ang'ania. Nikashika cha pili kikanigomea, cha tatu nacho. Nikachimba pembeni ya kimoja kwa kijiko cha chai nikakinyanyua na mchanga wake, na mguuni palikuwa na mizizi, myeupe, minene kama nyuzi za kushonea viatu, imetoka pande zote pale pale kwenye kidonda nilichokikata mimi. Nilipiga ukelele ambao uliangusha sahani ya mtu. "Mama! Imeota! Mama Shani, imeota!"

Mama Shani alikuja mbio na mwiko wa ugali mkononi. Aliitazama ile mizizi, akaigusa kwa ncha ya kidole chenye unga, akanitazama mimi, kisha akarusha kichwa nyuma akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika ng'ambo ya ghuba. Wateja wakaacha sato wakaja kujazana dirishani, watu wazima na heshima zao, wanagombea kuona mizizi. Magesa alinibeba juu juu, mbishi mimi, nikakubali. Shani akamwonyesha mtoto wake kijiti kile kama anamtambulisha kwa ndugu. Mwalimu Koku alipofika jioni aliinua nailoni, akavuta kimoja kwa vidole viwili kama nilivyofanya, kikamgomea, akacheka kicheko cha msichana. "Sasa umeongea nao lugha yao," aliniambia, kisha akakaa mezani akaagiza sato, yeye ambaye hakuwahi kula nje. Katika maisha yangu nimepata vyeti, nimefunga ndoa, nimezaa, nimeshuhudia kitalu changu pale Kisesa kikijaa miche hadi njiani. Yote nimeyafurahia. Lakini furaha ya mchana ule sijaipata ya pili, na nasema hivyo mume wangu akisikia.

Mjomba Idi aliukata mti wiki hiyo. Aliukata taratibu, kipande kwa kipande, hakuangusha hata tawi juu ya jiko, na alipomaliza alivua kofia. Mama Shani hakulia. Alikuwa kwenye kibaraza anaigawa miche, na hakutaka hata mmoja ubaki pale uani wakati ziwa lilikuwa bado halijajua mipaka yake. "Watoto wako wote huwapandishi mtumbwi mmoja," alisema. Mmoja akampa Magesa aupeleke Ukerewe. Wangu ulikwenda Kisesa. Mwalimu Koku alipewa wake, na wateja waliokuwa na ardhi ya mwinuko wakapewa yao, kila mtu akiapishwa kwamba mwenye kuomba kijiti cha kuotesha hatanyimwa. Kwa muda wote ambao mindimu ilikuwa bado haijazaa, sato wa Mama Shani alitoka na ndimu za sokoni, na aliwaambia wateja wateme mbegu na wavumilie. Walivumilia. Magesa aliporudi na mfuko wa kwanza kutoka Ukerewe, ule mgahawa ulifungwa kwa wageni siku nzima, tukala sisi wenyewe.

Basi hivyo ndivyo mifuko ilivyofika kwenye arobaini bila mtu kuitisha. Kisomo kilipokwisha, sinia zikaletwa, wali na sato wa kukaanga, na Shani akaanza kukata ndimu. Alikata moja ya Ukerewe, akatazama ndani. Akakata yangu, akakata ya mtu asiyemjua. Hakuna mbegu. Alikuwa anakata haraka haraka, machozi yanamtoka, anacheka. Mjomba Idi alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi, mzee sasa, mgongo umemkunja, msumeno alikwisha kumwachia mwanawe. Miguuni kwake palikuwa na ndoo yenye mfuniko, na nilipomuuliza imetoka wapi alisema Mkolani, nyuma ya nyumba yake. Sikujua kama aliwahi kupewa mche. "Sikupewa," alisema. "Niliuchukua. Ulikuwa mmoja umejificha pembeni ya beseni, nikaona aibu kuomba." Akachukua nusu ya ndimu kwenye sinia, akaikamua juu ya samaki wake kwa vidole vyake vigumu, akaonja, akafumba macho.

"Haujabadilika hata kidogo," alisema. "Na mimi ndiye niliyeukata."

"Hukuukata, mjomba," nikamwambia. "Huu si mtoto wa ule. Ni ule ule. Ulihama tu."

Alitafuna, akitazama kibaraza kilichojaa mifuko, kisha akanisogezea sinia nami nikamue yangu.